Ni Nani Amgawiaye Mchezaji Uhusika? Historia Fupi kutoka Beni hadi Kenzera

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuuliza maswali mawili kuhusu mhusika: ameumbwa na nani, na amesawiriwa vipi. Swali la tatu, yaani ni nani anayeruhusiwa kumvaa mhusika huyo na kumsemesha, limeachiwa zaidi watafiti wa ngoma na wa maigizo. Hata hivyo, ndilo swali linaloibuliwa kwa nguvu na michezo ya video ambayo makala haya yanaiita michezo ya uhusika. Hii ni michezo ambamo mchezaji hukabidhiwa mtu wa kubuni, akamwongoza katika ulimwengu wenye visa vyake, akamkuza kwa vitendo na, katika mingi ya michezo hiyo, akamchagulia maneno ya kuwajibu wale anaokutana nao.

Maoni juu ya michezo hii katika viunga vya bara vya Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, yamegawanyika pande mbili. Upande mmoja ni wa wazazi, walimu na viongozi wa dini waionao michezo kuwa upotezaji wa wakati na uigaji wa mambo ya watu. Upande wa pili ni wa vijana wenyewe, pamoja na wale wanaotarajia kwamba sanaa hii italeta ajira. Makala haya yanadai kwamba mvutano huu si mpya. Mombasa iliwahi kuwa na mchezo mkubwa wa uhusika karne moja kabla, na mchezo huo ulishtakiwa kwa makosa yaleyale. Kutokana na historia hiyo, makala yanapendekeza kwamba mchezo usihukumiwe kwa asili ya umbo lake, bali kwa mamlaka aliyo nayo mchezaji juu ya uhusika aliogawiwa. Hoja itajengwa kwa kuangalia kwanza beni, kisha kuibuka kwa studio za michezo ya uhusika ng'ambo, kisha mchezo wa *Tales of Kenzera: Zau* wa mwaka 2024, na mwisho hali ya mchezaji wa leo katika viunga hivyo.

Beni kama Mchezo wa Uhusika

Kuanzia miaka ya 1890, vijana wa Mombasa na Lamu walibuni ngoma iliyofuata gwaride na bendi za kijeshi za Wazungu, nayo ikaitwa beni. Walijigawa katika vyama vilivyoshindana. Mombasa ilivijua vyama kama Kingi na Scotchi, ambavyo majina yake yaligusa ufalme wa Uingereza na vikosi vya Waskochi. Ndani ya chama kila mmoja alikuwa na cheo: palikuwa na mfalme, majenerali na maafisa wa daraja mbalimbali, na kila cheo kilikuwa na mavazi yake, heshima yake na gharama yake. Kijana ambaye asubuhi alikuwa kibarua aliweza jioni kuwa jenerali, akapigiwa saluti na watu waliokubali kwamba, kwa muda wa ngoma, hivyo ndivyo alivyo. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, askari na wapagazi waliichukua ngoma hii mpaka bara, na taathira yake ikaonekana hata katika ngoma za Malawi na Zambia ya leo.

Sifa bainifu za mchezo wa uhusika zote zimo humu. Pana ulimwengu wa kubuni wenye kanuni, pana vyeo vinavyopandwa kwa juhudi, pana pande mbili zinazoshindana, na pana makubaliano kwamba mtu atatendewa kulingana na sehemu aliyoitwaa. Wanawake nao walikuwa na ulimwengu wao. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, ameeleza vyama vya lelemama, vikiwemo Ibinaal Watan na Banu Saada, vilivyoshindana kwa nyimbo, mavazi na karamu, na vilivyokuwa na vyeo vyake vya uongozi.

Mashtaka hayakukosekana. Watawala wa kikoloni waliitilia beni shaka, wakichelea kwamba vijana wanaojipanga kama jeshi wangeweza siku moja kuwa jeshi. Wanazuoni nao walikuwa na sababu zao. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa *Sahifa* mwaka 1930 na *Al-Islah* mwaka 1932 mjini Mombasa, aliandika kwa ukali dhidi ya Waislamu kuiga mienendo ya Wazungu pasi na kuchukua elimu yao. Hoja yake haikuwa ya mtu asiyejua alisemalo. Karamu na mavazi ya mashindano yaligharimu fedha ambazo wengi hawakuwa nazo, na cheo mara nyingi kilimfuata mwenye uwezo.

Hata hivyo, Terence Ranger, katika utafiti wake juu ya beni uliochapishwa mwaka 1975, alionyesha kwamba kuiona ngoma hiyo kuwa uigaji mtupu ni kuiona nusu. Umbo la nje lilikuwa la Kizungu, lakini utaratibu wa pande mbili zinazoshindana ulikuwa wa pwani tangu kale. Yaliyoimbwa hayakuwa ya London. Yalikuwa ya mtaa: nani amemshinda nani, nani amejigamba akaaibika. Wimbo wa upande mmoja ulidai jibu la upande wa pili, kama ilivyokuwa katika gungu ambamo aliyefungiwa fumbo alipaswa kulifumbua, na kama ilivyo katika ushairi wa kujibizana ambao Mombasa imeujua tangu zama za Muyaka bin Haji na kabla yake. Mchezaji wa beni aliazima koti, lakini maneno aliyosema akiwa amelivaa yalikuwa yake, na lugha ilikuwa yake. Mambo haya mawili, lugha na jibu, ndiyo yatakayotumiwa hapa kama vipimo.

Kuibuka kwa Studio

Mchezo wa uhusika wa kisasa ulianzia mezani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani walichapisha *Dungeons & Dragons*, mchezo uliohitaji karatasi, dadu, na mtu mmoja wa kusimulia ulimwengu huku wenzake wakimweleza watakalotenda. Msimuliaji huyo hakuwa mbali na mtambaji wa ngano: alikuwa na kisa kichwani, lakini alilazimika kukibadilisha kila hadhira ilipomjibu. Kompyuta ilipoingia, nafasi yake ilichukuliwa na programu. *Ultima* ya Richard Garriott ilitoka mwaka 1981. Nchini Japani, kampuni ya Enix ilitoa *Dragon Quest* mwaka 1986, na Square ikatoa *Final Fantasy* mwaka 1987. Mabadiliko hayo yalikuwa na gharama yake ya kisanaa. Mtambaji angeweza kulipokea jibu asilolitazamia, ilhali programu hulipokea lile tu lililoandikwa kabla. Tangu hapo mipaka ya jibu la mchezaji ikawa inachorwa ndani ya studio.

Historia ya studio hizo ina mafunzo mawili kwa mhakiki wa Kiswahili. La kwanza ni kwamba fasihi ya taifa lisilo kubwa inaweza kupata uhai mpya kwa njia hii. Kampuni ya CD Projekt ya Poland ilichukua ulimwengu wa masimulizi ya mwandishi Andrzej Sapkowski, ikatoa *The Witcher* mwaka 2007, na kufikia sehemu ya tatu ya mwaka 2015 masimulizi hayo yalikuwa yanajulikana duniani kote.

Funzo la pili ni la tahadhari. Robert Kurvitz wa Estonia alichapisha riwaya kwa Kiestonia mwaka 2013, kisha yeye na wenzake katika studio ya ZA/UM wakaugeuza ulimwengu wa riwaya hiyo kuwa mchezo wa *Disco Elysium*, uliotoka mwaka 2019. Mchezo huo una maneno yapatayo milioni moja, na wahakiki wengi waliupokea kama kazi ya fasihi. Hata hivyo uliandikwa kwa Kiingereza, si kwa Kiestonia. Tena mwaka 2022 ilidhihirika kwamba Kurvitz na baadhi ya wenzake hawamo tena katika studio, huku ulimwengu waliouumba ukibaki mikononi mwa kampuni. Mtunzi wa utenzi aliweza kuwa maskini, lakini hakuna aliyeweza kumfukuza katika utenzi wake.

Afrika haikukaa nje ya historia hii. Nchini Kenya, Wesley Kirinya alitoa *The Adventures of Nyangi* mwaka 2007, na mwaka 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha Leti Arts, studio iliyokusudia kuwageuza mashujaa wa historia na ngano za Afrika kuwa wahusika wa michezo na vibonzo. Nchini Kamerun, Kiro'o Games ya Yaoundé ilitoa *Aurion: Legacy of the Kori-Odan* mwaka 2016, mchezo wa uhusika uliotungwa Afrika na Waafrika, na ambao kukamilika kwake kulitegemea kwa kiasi michango ya watu wengi. Katika juhudi hizi zote tatizo halikuwa uhaba wa visa. Lilikuwa mtaji wa kuwalipa watu kwa miaka kadhaa kabla ya kazi kuuzwa.

Kenzera: Lugha bila Jibu

*Tales of Kenzera: Zau* ilitolewa Aprili 2024 na Surgent Studios ya Uingereza, ikichapishwa na kampuni ya Marekani, Electronic Arts. Mwanzilishi wa studio hiyo, Abubakar Salim, ni mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Wachezaji walikwisha kumjua kwa sauti yake ya Bayek, shujaa wa *Assassin's Creed Origins* ya mwaka 2017, mchezo wa Ubisoft uliotendeka katika Misri ya kale. Salim ameeleza hadharani kwamba *Zau* ilitokana na msiba wa babake, aliyefariki mwaka 2013, na masimulizi aliyorithi katika familia yake.

Kimuundo, kazi hii ni kisa ndani ya kisa. Kijana aitwaye Zuberi amefiwa na babake, naye anasoma kitabu alichoachiwa na marehemu. Ndani ya kitabu yumo Zau, mganga kijana, ambaye naye amefiwa na babake na hakubali. Zau anamwita Kalunga, mungu wa mauti, na kufanya naye mapatano: akimletea mizimu mikuu mitatu, Kalunga atamrudisha Baba. Zau anapigana kwa vinyago viwili, cha Jua na cha Mwezi, na safari yake ni safari ya mfiwa kutoka ukaidi hadi ukubali. Mchezaji anaweza kuisikia safari hiyo kwa Kiswahili, kwa kuwa studio iliurekodi mchezo kwa lugha hiyo pamoja na Kiingereza. Mchezo wenye mchapishaji mkubwa wa Kimarekani, ambamo shujaa na mauti wanazungumza Kiswahili kutoka mwanzo hadi mwisho, ni tukio katika historia ya lugha hii, na mhakiki asiyelisajili ataulizwa baadaye alikuwa wapi.

Pamoja na hayo, kazi hii inastahili kuhakikiwa, si kushangiliwa tu. Kwanza ni suala la maudhui. Mchezo ulitangazwa kuwa umechota katika visasili vya Wabantu. Lakini Impundulu, ndege wa radi, ni wa masimulizi ya Waxhosa na jirani zao wa kusini mwa Afrika. GaGorib ni zimwi la Wakhoikhoi, ambao lugha yao si ya Kibantu. Kikiyaon ni wa Afrika Magharibi. Kalunga ni jina linalohusishwa na mauti na bahari katika nchi za Kongo na Angola. Pwani ya Waswahili, ambayo lugha yake inasikika mchezo mzima, haina zimwi hata mmoja katika hawa watatu. Nunda mla watu, ambaye Edward Steere alichapisha kisa chake mwaka 1870, hayumo, wala Fumo Liyongo, ambaye utendi wake uliandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Si kosa kwa mtunzi kuchanganya, kwani masimulizi yamesafiri siku zote. Ila msikilizaji wa Likoni anaisikia lugha yake ikisema juu ya viumbe wa mbali, na ulimwengu huo anaweza kuutambua kwa sikio tu.

Pili, na hili ni zito zaidi, ni suala la jibu. *Zau* si mchezo wa uhusika kwa maana kali. Mchezaji huruka, hupigana na hujifunza mbinu, lakini hamchagulii Zau la kumwambia Kalunga. Maombolezo yameandikwa yote, naye huyapitia. Katika mila za pwani, mfiwa haombolezi peke yake. Kuna kukaa matanga, na kuna siku ya kuondoa tanga ambayo jamii humsaidia mtu kurudi katika maisha. Mchezo ambao ungemwezesha mchezaji kujibizana na mauti, au na jamaa waliokuja kuhani, ungeikaribia zaidi mila hiyo. Hivyo basi, hali ya mchezaji Mswahili inaweza kufupishwa kwa sentensi moja: michezo mikubwa ya uhusika imempa jibu bila lugha, na *Zau* imempa lugha bila jibu. Beni ilikuwa na vyote viwili.

Yamkini studio iliuona upungufu huu. Mwaka 2024 Salim alitangaza mpango wa mchezo wa uhusika kwa maana kamili, utakaotendeka katika ulimwengu huohuo wa Kenzera, ukiwa na jina la kazi la Project Uso. Lakini hapa historia ya mitaji iliingilia kati. *Zau* haikuuzwa kama ilivyotarajiwa, na Julai 2024 watu zaidi ya kumi walipoteza kazi. Oktoba mwaka huohuo kikosi kilichobaki cha michezo kilipewa ilani ya kusimamishwa kazi iwapo fedha hazingepatikana. Studio pia ilikabiliwa na matusi ya kibaguzi kutoka kwa watu waliochukia kuona shujaa Mwafrika, jambo ambalo Salim alilijibu hadharani. Kazi iliyofuata ya Surgent, *Dead Take* ya mwaka 2025, ni mchezo wa kutisha unaotendeka katika ulimwengu wa waigizaji wa filamu, haumo Kenzera.

Mchezaji wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Mombasa ya beni ilikuwa hasa kisiwa. Mombasa ya leo kwa sehemu kubwa iko ng'ambo ya maji. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti nzima, na kati yao 154,171 tu ndio waliokuwa Mvita, yaani kisiwani. Kisauni ilikuwa na watu 291,930, Likoni 250,358 na Changamwe 131,882. Kwa hiyo, anayetaka kujua kijana wa Mombasa anacheza nini hana budi kuvuka kivuko au daraja.

Huko atakuta vibanda vya michezo: chumba kimoja, runinga kadhaa, mashine za PlayStation ambazo mara nyingi si za toleo jipya, na benchi. Kinachochezwa zaidi ni kandanda. Sababu haiko katika ladha peke yake. Kibanda huuza wakati. Mteja hulipia mechi au dakika. Mechi ya kandanda huisha upesi na mshindi akajulikana. Mchezo wa uhusika hudai makumi ya saa, hudai kwamba mchezaji arudi kesho alipoishia, na hudai kusoma maandishi mengi ya Kiingereza. Biashara ya kibanda, kwa hiyo, huchuja fasihi nje kabla mteja hajaingia. Kuhusu *Zau*, kikwazo ni kikubwa zaidi: ilitolewa kwa PlayStation 5, Xbox za toleo jipya, Switch na kompyuta, wala haikutolewa kwa PlayStation 4. Shujaa asemaye Kiswahili hakuja na mashine iliyozoeleka kibandani.

Hata hivyo kibanda kina jambo ambalo studio haikulipanga. Mchezaji mmoja hushika vitufe, na nyuma yake husimama wengine wanaoshauri, wanaokejeli, wanaotabiri na wanaopachika majina. Mwenye kushika vitufe ni fanani. Walio nyuma yake ni hadhira, na hadhira hiyo haikai kimya. Maneno ambayo mchezo haukumpa mhusika, hadhira huyatia kwa lugha ya mtaa. Wanaoshutumu vibanda wana haki kuhusu masomo yanayoachwa na fedha zinazopotea, kama Sheikh Al-Amin alivyokuwa na haki kuhusu gharama. Lakini anayeona uigaji tu kibandani anarudia nusu ileile ya ukweli iliyosemwa juu ya beni.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba swali la nani amgawiaye mchezaji uhusika ni swali la kihistoria katika Mombasa. Katika beni, jamii ilijigawia yenyewe. Katika michezo ya studio, uhusika hugawiwa kutoka mbali, na hata mtunzi mwenye nia njema na lugha ya nyumbani hufungwa na mtaji usio wake.

Yapo mambo mawili yanayoweza kufanywa bila kungoja mtaji huo. La kwanza ni la idara za Kiswahili: kuzihifadhi na kuzihakiki kazi hizi zingali zinachezeka, kwa kuwa mchezo hupotea pamoja na mashine yake kwa kasi kuliko kitabu. La pili ni la watunzi. Mchezo wa uhusika ulianza kwa karatasi na msimuliaji, na hivyo ndivyo unavyoweza kuanza Likoni. Tangu mwaka 2009 ipo pia Twine, programu ya bure inayomwezesha mtu asiye fundi wa kompyuta kutunga kisa chenye njia nyingi, na msomaji akakisoma kwa simu huku akichagua jibu. Kisa cha Liyongo gerezani, ambamo msomaji ndiye anayetafuta fumbo la kumtumia mamake kupitia kwa kijakazi Saada, hakihitaji kampuni ya ng'ambo. Kinahitaji mshairi na majuma machache ya kazi.

Sheikh Ahmed Nabhany alipoiita televisheni runinga, aliunganisha rununu na maninga, sauti na macho, kwa kuwa hivyo ndivyo chombo kile kilivyomfikia mtu. Mchezo wa video umeongeza mkono unaojibu. Neno la kuutaja mkono huo bado halijaundwa, na huenda likaundwa kwanza katika kibanda cha Kisauni.